“Anakoroma tu, ndivyo walivyo”: dhana potofu kuhusu mbwa wa uso bapa

Hakuna maneno ninayoyasikia kliniki mara nyingi kama haya: “Daktari, huyu anakoroma tu, ndivyo walivyo.” Mwenye mbwa anayasema akitabasamu, na pagi wake, mbwa mdogo wa uso bapa, yuko mezani, mdomo wazi, mbavu zinajivuta ndani kila anapovuta pumzi. Chumba hakina joto na hakuna aliyemkimbiza. Nianze na dhana hiyo basi, kwa kuwa ndiyo inayowaumiza mbwa wengi kuliko zote.

Dhana: Kukoroma ni tabia ya mbwa wa aina hii.

Ni dalili kwamba njia ya hewa imebanwa. Kwamba mbwa wengi wanayo hakuifanyi kuwa afya. Bulldogi, pagi, Pekingese na wenzao wamechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ajili ya uso mfupi. Fuvu lilifupika, lakini nyama iliyomo ndani haikupungua kwa kiasi hicho. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la mdomo, limezidi nafasi yake, ulimi umejaa mdomoni, na matundu ya pua kwa wengine yamebaki kama mikwaruzo miwili tu. Ule mlio unaouita koroma ni hewa ikipenya kwa taabu na kutikisa nyama zilizoiziba njia.

Tena hali hii haibaki palepale. Ukinyonya kinywaji kizito kwa mrija laini, kuta zake hukutana; ndivyo inavyotokea kooni mwa mbwa anayevuta hewa kwa nguvu. Nyama zinavutwa ndani, zinavimba, njia inazidi kuwa nyembamba, naye anazidi kuvuta. Baadaye vifuko vidogo vilivyo kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hugeuka na kutokeza njiani, na mwishowe gegedu (mifupa laini) za zoloto lenyewe hulegea na kuporomoka. Mbwa aliyeambiwa “ndivyo alivyo” akiwa na mwaka mmoja analetwa kwangu miaka kadhaa baadaye, fizi zimegeuka zambarau.

Siwalaumu wenye mbwa kwa kutojali. Katika utafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa mifugo cha London, uliochapishwa mwaka 2012, asilimia 58 ya wenye mbwa waliokuwa na dalili za wazi walisema mbwa wao hawana tatizo la kupumua. Waliuzoea mlio mpaka wakaacha kuusikia.

Kwa hiyo acha kusikiliza, mtazame akilala. Je, anaegemeza kidevu juu ya kitu ili shingo inyooke? Analala na mwanasesere mdomoni, au anasinzia akiwa amekaa? Pumzi inakatika halafu anashtuka? Mrekodi kwa simu, usiku na baada ya matembezi, uje na video hizo. Mezani kwangu mbwa ana woga na hupumua tofauti. Dakika mbili za usingizi wake zinanieleza mengi kuliko maelezo yako yote. Na kama anatapika povu au kurudisha chakula mara kwa mara, niambie pia. Nguvu anayoitumia kuvuta hewa huvuruga umio (njia ya chakula) na tumbo, kwa hiyo usibadilishe chakula mara tatu kabla hujafikiria pumzi.

Dhana: Akichoka atajipumzisha mwenyewe.

Hapana. Mbwa mwenye furaha hukimbia mpaka aanguke. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na kwa huyu wa uso bapa kuhema kwenyewe ni kazi nzito inayomwongezea joto. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya visa vya kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto, kwa mbwa vilitokana na mazoezi. Wa kufungiwa kwenye gari walikuwa wachache sana. Mtoe alfajiri au jioni kukiwa kumepoa, matembezi yawe mafupi, nawe ndiye wa kusema basi. Kuwa macho zaidi hewa ikiwa na unyevu mwingi, maana hapo hata kuhema hakusaidii sana.

Dhana: Akizidiwa na joto, mfunike taulo lenye maji.

Taulo likiachwa juu yake hupata joto la mwili na kulizuia lisitoke. Mmwagie maji mwili mzima, ya bombani yanatosha, kisha mpepee au washa feni. Usimwagie usoni, asije akayavuta puani. Anza kumpoza hapo hapo ulipo, ndipo umkimbize kwa daktari, na uendelee kumpoza njiani.

Dhana: Unene kidogo ndio unaompendeza.

Mafuta hujaa pia shingoni, kooni na kifuani. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua kwa mbwa hawa ni kupunguza uzito. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Usipozihisi mbavu, amezidi. Vitafunio vyake vitoke kwenye posho yake ya siku.

Dhana: Mkanda wa shingoni unatosha.

Njia ya hewa iliyobanwa kwa ndani unaibana tena kwa nje? Mnunulie mshipi wa kifuani unaokaa chini ya koo. Hili sikubali kujadiliana.

Dhana: Dawa za mafua za watu zitamfungua pua.

Kilichoziba ni nyama na mfupa, si kamasi. Vidonge vyenye pseudoefedrini, kiambato cha baadhi ya dawa za mafua, vinaweza kumuua mbwa. Mafuta ya mkaratusi usimpake wala usimfukizie.

Dhana: Upasuaji ni wa mwisho, mambo yote yakishindikana.

Kupanua matundu ya pua na kufupisha kaakaa hufaa zaidi kabla zoloto halijaporomoka. Ukisubiri mpaka azimie, umeacha sehemu rahisi ipite. Hatakuwa na pua ndefu, na baadhi huendelea kukoroma, lakini wengi hulala na kutembea vizuri zaidi. Hofu ya dawa ya usingizi ni ya haki kwa mbwa hawa, hasa saa za kuzinduka, kwani koo likivimba njia ya hewa hufunga. Kabla hujakubali, uliza nani atakaa naye mpaka asimame mwenyewe, na kama usiku ule kuna mtu wa kumwangalia. Wakikujibu kwamba atafungiwa peke yake mpaka asubuhi, mpeleke kwingine.