Mapezi na mikuku ya ubavuni: kwa wanaounda mifano ya meli

Mara nyingi naletewa mfano wa meli niutazame hapa Mombasa, nakuta mapezi yametandazwa nje pande zote mbili, na mwenyewe ananiambia meli yake imefunga gati Kilindini. Haiwezekani. Hayo mapezi yangekuwa yamekwaruza ukuta wa gati.

Mapezi ya kutuliza meli, ambayo mabaharia huyaita stebilaiza, hufanya kazi kama bawa la ndege. Jairoskopu huhisi meli ikilala upande, mashine huligeuza pezi, na maji yanayopita huinua upande mmoja na kukandamiza wa pili. Nguvu yake hufuata mraba wa mwendo: punguza mwendo nusu, inabaki robo. Ndiyo maana meli nyingi za abiria huyakunja ndani zikikaribia bandari. Kwenye mfano wa meli iliyotulia, chora tu mstari wa tundu lake ubavuni, basi.

Mkuku wa ubavuni hauna mota wala swichi. Ni bamba refu la chuma lililochomelewa pale ubavu unapopinda kwenda chini. Chombo kikienda mrama, bamba hupiga maji kwa upana wake, maji yanazunguka nyuma yake, na nguvu ya kuyumba inapotelea humo, hata meli ikiwa imetia nanga. Mwingereza William Froude alilijaribu jambo hili baharini mwaka 1872 kwa manowari mbili, HMS Greyhound yenye mikuku na HMS Perseus isiyo nayo. Greyhound iliyumba kidogo zaidi.

Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wanaweka bamba nene mno. Mikuku ya Titanic ilikuwa na urefu wa mita 90 hivi na upana wa sentimita 63. Kwa skeli ya 1:350 hiyo ni sentimita 26 kwa milimita 1.8 tu. Tumia plastiki nyembamba kabisa, na usiinyooshe kwa rula; mkuku hufuata njia ya maji, kwa hiyo ncha zake hupinda kidogo pamoja na umbo la meli. Kisha ushushe mstari wima kutoka ubavuni na mwingine wa mlalo kutoka chini. Kwa kawaida bamba halitoki nje ya mistari hiyo, maana meli inapaswa kulala gatini na kukaa gudini salama.

Meli inaweza kuwa na vyote viwili. Mara nyingi mkuku hukatika kuliachia pezi nafasi.

Angalieni pia mwaka. Meli ya abiria Queen Mary ilianza safari 1936 ikiyumba vibaya, na mapezi ilifungiwa 1958. Na wewe unayeendesha mfano wako kwa rimoti, achana na mapezi: kwa mwendo ule mdogo ni pambo. Ongeza upana wa mkuku kidogo, hata kama skeli itanung'unika.