Usinionyeshe Pointi Kabla ya Tarehe ya Kuzaliwa

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa dada yangu hapa Windsor. Pilau imeshapakuliwa, mwanawe mkubwa akanisogelea na simu mkononi. "Mjomba, hebu ona. Huyu kijana wa Detroit ana pointi 90 kwenye ligi ya vijana, na yule waliyemchagua mbele yake hana hata 40. Hivi hawa watu wanaangalia nini?"

Nampenda kijana huyu, na hoki ya barafuni nimemfundisha mimi mwenyewe, pamoja na kwamba goli ni pointi na pasi ya goli ni pointi. Lakini swali hilo nimeulizwa msimu huu na jirani, na kinyozi wangu, na watu ambao hatujawahi hata kusalimiana. Nikamuuliza: huyo wa pointi 90 kazaliwa lini? Hajui. Ngapi kati ya hizo kazipata kwenye pawaplei, wapinzani wakiwa pungufu kwa adhabu? Hajui. Anacheza na nani pembeni yake? Akacheka, akarudi kwenye sahani yake. Jibu refu nililomnyima pale mezani nimeamua kuliandika hapa.

Kazi yangu ni skauti wa eneo. Kuanzia Septemba hadi machipuko nakaa kwenye viwanja vya barafu vya kusini mwa Ontario, natazama vijana wa miaka 16 hadi 19, naandika ripoti. Wale mnaoijua hoki kupitia kile kiwanja kidogo cha Hoteli ya Panari, Nairobi, mtaniwia radhi nikipita mbio kwenye misingi. Leo sina subira nayo.

Tuanze na timu ya Detroit, maana iko ng'ambo ya mto tu kutoka hapa. Mwaka 2018 zamu yake kwenye drafti (timu za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, zikipokezana kuchagua vijana) ilikuwa ya 6. Ikamchukua Filip Zadina, winga kutoka Cheki aliyekuwa akichezea timu ya vijana ya Halifax, Kanada: magoli 44, pointi 82, mechi 57. Orodha nyingi zilimweka juu zaidi ya hapo, na alipoteremka hadi nafasi ya 6 mashabiki wa huku walishangilia kama watu waliookota dhahabu njiani. Mwaka uliofuata Detroit ikapata tena nafasi ya 6. Steve Yzerman, kwenye drafti yake ya kwanza akiwa meneja mkuu wa timu hiyo, akalitaja jina la Moritz Seider, beki wa Adler Mannheim ya Ujerumani. Mechi 29, pointi 6. Hata Seider mwenyewe alipigwa na butwaa, kamera zikamnasa. Simu yangu usiku ule haikunyamaza, wote wakiniuliza hilo hilo la mpwa wangu.

Zadina alifunga magoli 28 katika mechi 190 za Detroit, na mwaka 2023 mkataba wake ukavunjwa kwa makubaliano. Seider mwaka 2022 alishinda Calder, tuzo ya mchezaji bora wa NHL aliye kwenye msimu wake wa kwanza, akiwa na pointi 50.

Zile pointi 6 zilikuwa na maana gani basi? Ligi ya Ujerumani ni ya watu wazima, wanaume wenye ndevu, wake na mikopo ya nyumba. Seider alikuwa na miaka 17, na timu yake ikachukua ubingwa msimu ule. Kocha anayewania ubingwa hampi mtoto zamu za ulinzi kwa kumhurumia. Anampa kwa sababu mtoto haharibu. Swali la kujiuliza hapo si kafunga mangapi. Jiulize ni vijana wangapi wa umri wake duniani wangeaminiwa kusimama pale. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Lucas Raymond, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 2020 akitoka Frölunda ya Uswidi na pointi 10 tu katika mechi 33. Akikaa benchi dakika nyingi, akiingia kwa zamu fupi. Msimu wake wa kwanza NHL alipata pointi 57.

Sasa tarehe ya kuzaliwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wenye akili timamu wananichosha.

Drafti ya NHL inagawa watu kwa Septemba 15. Ukitimiza miaka 18 siku hiyo au kabla yake, umo. Ukizaliwa Septemba 16, subiri mwaka mzima. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997. Siku mbili zikamtoa kwenye drafti ya 2015, akaenda kucheza na watu wazima Zurich, kisha akawa chaguo la kwanza la 2016. Alex Ovechkin naye alizaliwa Septemba 17, ya 1985. Mwaka 2003 Florida Panthers walijaribu kumchagua mapema, wakidai kwamba ukizihesabu na zile siku za ziada za miaka mirefu, kijana ameshatimiza 18. Ligi ikakataa. Meneja mkuu wa timu ya NHL alikaa akahesabu Februari 29 kwa vidole. Alijua uzito wa siku mbili. Wewe unaniletea orodha isiyo na hata mwezi wa kuzaliwa.

Na huo ni mwanzo tu, kwa sababu hoki ya watoto hapa Kanada haifuati Septemba 15, inafuata Januari 1. Kila kijana anabeba kalenda mbili. Chukua wawili wa drafti ya 2026, mmoja kazaliwa Oktoba 2007, mwingine Agosti 2008. Kwenye simu ya mpwa wangu hao ni wa darasa moja. Lakini huyu wa Oktoba njia ya OHL, ligi ya vijana ya Ontario, ilimfungukia msimu wa 2023-24 pamoja na wenzake wa 2007, na yule wa Agosti akasubiri hadi 2024-25. Wanafika kwenye drafti mmoja akiwa amepita misimu mitatu, mwingine miwili. Miezi kumi ya umri na msimu mzima wa kuzoea kugongwa ukutani! Kwa kijana wa miaka 17 miezi kumi ni kilo kadhaa za mapaja.

Kwa hiyo mimi silinganishi msimu wao wa mwaka huu. Nauchukua msimu wa pili wa huyu wa Oktoba, yaani wa mwaka jana, nauweka kando ya msimu wa pili wa yule wa Agosti, yaani wa sasa. Pengo la miezi kumi linabaki miwili. Mara nyingi sana yule aliyekuwa nyuma kwa pointi 25 kwenye orodha anajikuta mbele.

Lakini usikimbilie kumkata huyu wa Oktoba, na hapa ndipo hata skauti wenzangu wanapojikwaa. Utotoni kote, kwa kalenda ya Januari, huyu alikuwa miongoni mwa wadogo wa rika lake. Wa Januari na Februari walikuwa warefu zaidi, wakachaguliwa timu za mkoa, wakapata makocha wazuri na muda mwingi barafuni. Hesabu wachezaji wa timu yoyote teule ya vijana Kanada kwa mwezi wa kuzaliwa utaona jinsi miezi ya mwanzo ilivyojaa. Aliyezaliwa Oktoba akabaki hai kwenye mchujo huo alilazimika kutumia kichwa, kwa sababu mwili haukumsaidia. Kwenye drafti ni mkubwa, kwenye hoki yake yote alikuwa mdogo. Nimkate au nimwongezee? Kila mwaka najibu kwa mchezaji mmoja mmoja, na kila mwaka sina uhakika.

Haya, tuseme umri umekaa sawa. Bado pointi zenyewe zina mambo yake. Januari nilikuwa kwenye mechi ambayo kijana mmoja anayesifiwa sana alitoka na pointi tatu. Ya kwanza: pawaplei, alimrudishia paki, kile kisahani cha mpira kinachopigwa kwa fimbo, beki wake mita tatu, beki akampa mwingine, mwingine akafunga. Hoki inahesabu pasi mbili nyuma ya goli, kwa hiyo akaandikiwa. Ya pili: shuti la mwenzake lilimgonga gotini likaingia. Ya tatu: golikipa wa wapinzani ameshatolewa, yeye yuko peke yake na goli tupu. Kesho yake mitandaoni alikuwa moto wa kuotea mbali.

Upande wa pili kulikuwa na senta ambaye hakupata pointi hata moja. Daftari langu la usiku ule limejaa yeye. Dakika ya 12 ya kipindi cha pili paki imetupwa kwenye kona ya nyuma ya kwao, anaifuata, na beki mkubwa yuko mgongoni mwake anakuja kumbana. Kabla hajaigusa aligeuza kichwa bega la kulia, kisha la kushoto. Mara mbili, nilihesabu. Akainamisha bega kana kwamba anakwenda na ukuta, yule beki akajitupa huko, yeye akaivuta paki kwa kisigino cha fimbo kurudi ndani, akainua macho na kumtupia winga aliyekuwa anavuka mstari wa buluu kwa kasi kamili. Winga akabaki yeye na golikipa. Akapiga nje. Kwenye karatasi ya matokeo: sifuri. Alifanya kitu kama hicho mara nne usiku ule, na wachezaji wenzake waliharibu mara zote nne.

Ninachotafuta ni hicho: kinachomtokea mtu kabla ya paki kumfikia. Kugeuza kichwa kunafanya kazi dhidi ya vijana na dhidi ya watu wazima pia. Kuwazidi mbio mabeki wa miaka 16 kunakwisha siku unapokutana na beki wa miaka 29.

Kasi nitaipitia haraka. Inafundishika kuliko mnavyodhani. Brayden Point alichaguliwa wa 79 mwaka 2014 na Tampa Bay, ambayo wakati huo meneja wake mkuu alikuwa Yzerman huyu huyu, na wengi walilalamikia mwendo wake. Akafanya kazi na Barb Underhill, bingwa wa dunia wa 1984 wa uchezaji wa kuteleza wa wawili wawili, na msimu wa 2022-23 akafunga magoli 51. Kimo? Sitaki hata kukizungumzia, mjadala huo umechuja. Magolikipa siwagusi, wana watu wao.

Jambo jingine linalowapumbaza watu ni yule aliyekwisha kuchaguliwa. Kwa miaka mingi makubaliano ya NHL na ligi za vijana za Kanada yalimzuia kijana wa miaka 18 au 19 kwenda AHL, ligi ya watu wazima iliyo ngazi moja chini ya NHL. Ama aliingia NHL, ama alirudi kwa watoto. Na huyo anayerudi akiwa na miaka 19, mwili umekomaa, anawafunga wadogo zake, anafikisha pointi 100, na mashabiki wa timu iliyomchagua wanaanza kumtafutia namba ya jezi. Pointi 100 za miaka 19 haziniambii mengi. Angezikosa ndiyo ningekuwa na jambo la kuandika.

Kuna wanaosema haya yote yanatatuliwa na hesabu za kubadilisha ligi: pointi moja ya Uswidi ni sawa na kiasi hiki cha NHL, ya OHL kiasi kile. Nazitumia kila siku. Lakini zinatengenezwa kwa kuwafuata waliohama ligi moja kwenda nyingine, yaani waliofaulu kuhama. Waliobaki njiani hawamo kwenye hesabu. Na sasa ardhi yenyewe inatembea: tangu Agosti 2025 wachezaji wa ligi za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuo vikuu vya Marekani, na baadhi ya walio bora wa miaka 18 na 19 wameshaondoka. OHL ninayoitazama mwaka huu si ile ya miaka mitatu iliyopita. Vipimo vyangu vya zamani naviamini nusu nusu.

Na ngoja niseme lile linaloninyima usingizi. Zadina alizaliwa Novemba 27, 1999. Alikuwa miongoni mwa wakubwa wa drafti ya 2018, na baadaye ilikuwa rahisi kusema kalenda ilituonya. Haikutuonya. Aliyechaguliwa mara tu baada yake, wa 7, ni Quinn Hughes, kazaliwa Oktoba 14, 1999, mkubwa vilevile, akicheza Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor, chini ya mwendo wa saa moja kutoka Detroit. Mwaka 2024 Hughes alishinda Norris, tuzo ya beki bora wa NHL. Wote wawili kalenda yangu iliwakata sawasawa. Na mimi mwaka ule nilimweka Zadina wa 3, Hughes wa 9. Nimezirudia video zile mara nyingi nikitafuta nilipopaswa kuona. Kwa Hughes naona sasa, jinsi alivyokuwa akisimama kwenye mstari wa buluu akisubiri mpinzani achague upande kwanza. Kwa Zadina bado sioni. Shuti lilikuwa la kweli, juhudi ilikuwa ya kweli. Pengine lilikuwa jambo la moyo, au la majeraha, au la timu dhaifu aliyoingia, na pengine akikulia kwingine leo ningekuwa naandika makala tofauti.

Yule senta wa sifuri amezaliwa mwishoni mwa Agosti. Nimemweka nafasi 40 juu ya pale orodha zinapomweka, na msimamizi wangu amenipigia mara mbili kuuliza kama nimekosea kuandika. Alhamisi anacheza tena, saa moja na dakika tano usiku, na mpwa wangu nimemwambia aje na daftari, simu aiache nyumbani. Atakaa upande wa kona, ahesabu vichwa vinavyogeuka.