Berlin ya uani: matembezi ya siku moja kutoka Hackescher Markt hadi Maji-Maji-Allee

Wageni ninaowatembeza Berlin, wengi wao Watanzania na Wakenya, huja wakiwa na orodha: lango la Brandenburg, kuba la Bunge, Ukuta wenye michoro. Orodha hiyo huisha siku moja. Siku ya pili huniuliza wapi kuna kitu ambacho kila mtu hajakipiga picha, na jibu langu miaka yote ni moja: tuingie uani.

Nyumba za zamani za Berlin zinafanana na kasha ndani ya kasha. Mbele kuna jengo linalotazama barabara. Nyuma yake ua, kisha jengo jingine, kisha ua mwingine, wakati mwingine hadi nyua nne au tano. Mji ulipokuwa ukifurika wafanyakazi wa viwandani, wenye nyumba walijenga kila kipande cha kiwanja. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1853 ilidai tu ua usipungue mita 5.34 kila upande, nafasi ya kutosha kugeuza pampu ya zimamoto. Chumba cha mbele kilipata jua na mwenye pesa. Aliyepanga nyuma alipata kivuli, pamoja na kelele za karakana iliyokuwa chini yake. Karakana zile leo ni maduka ya vitabu, studio, majumba madogo ya sinema. Mchana malango mengi huachwa wazi. Kwetu mtu haingii uani mwa watu bila hodi, na hapa "Guten Tag" fupi kwa unayekutana naye ndiyo hodi yenyewe. Picha za madirisha ya watu usipige.

Anzia Rosenthaler Straße 39, mwendo wa dakika mbili tatu kutoka kituo cha Hackescher Markt. Jirani yake kuna nyua maarufu zilizokarabatiwa zikang'aa, na watalii karibu wote huishia huko. Namba 39 imeachwa na plasta yake iliyobanduka na kuta zilizojaa michoro. Panda ngazi upande wa kushoto: hapo ndipo Otto Weidt alikuwa na karakana ya mafagio na brashi wakati wa utawala wa Wanazi. Mwenyewe alikuwa karibu kipofu, na wafanyakazi wake wengi walikuwa Wayahudi vipofu na viziwi. Aliwatafutia vibali, alihonga, aliwaficha. Mwisho wa karakana kuna chumba kisicho na dirisha, ambacho mlango wake ulizibwa kwa kabati la nguo. Familia moja ya watu wanne iliishi humo hadi ilipokamatwa mwaka 1943. Leo karakana hiyo ni makumbusho, na kiingilio ni bure. Ingia chumba kile ukae kimya kidogo kabla ya kuendelea.

Panda na barabara hiyohiyo hadi Rosenthaler Platz, uingie Brunnenstraße. Sasa tazama chini. Mbele ya namba 193 kuna jiwe dogo la shaba, takriban sentimita 10 kwa 10, limezama kwenye njia ya waenda kwa miguu. Wajerumani huyaita Stolpersteine, mawe ya kujikwaa. Msanii Gunter Demnig aliyaanzisha miaka ya 1990, na kila moja huwekwa mbele ya nyumba aliyoishi mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi. Hili la hapa, lililowekwa mwaka 2007, ni la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904.

Huyu ndiye mtu ninayetaka kila Mswahili anayefika Berlin amjue. Alikuwa bado mtoto alipoingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake askari, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia. Akabaki. Alihudumu mezani katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, aliigiza katika filamu, na alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt. Alioa Mjerumani mwaka 1933. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mwingine mweupe, akapelekwa bila kesi kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Shaba ikikanyagwa na kunyeshewa hupauka. Mimi hubeba ndimu, chumvi na kitambaa, kama tulivyosugua masinia ya bibi nyumbani Tanga. Wageni hupiga magoti kwa zamu kusugua, kisha mmoja wetu humsoma kwa sauti, kwa Kiswahili, lugha aliyoifundisha mji huu.

Kutoka hapo shika Invalidenstraße kuelekea magharibi. Njiani kuna kituo cha treni cha Nordbahnhof. Teremka hata kama husafiri. Ukuta ulipojengwa mwaka 1961, treni za chini ya ardhi za Berlin Magharibi ziliendelea kupita chini ya Mashariki bila kusimama, na vituo vya katikati vikazibwa. Walivibandika jina la vituo vya mizimu. Abiria walipita polepole na kuona walinzi wamesimama kwenye mwanga hafifu. Hiki kilifunguliwa tena 1990, na maonyesho yako hapohapo ukutani.

Mbele zaidi ni Jumba la Makumbusho ya Maumbile. Si mahali pa siri, lakini jambo lenyewe limefichwa na ukubwa wake. Kila mtu hukodoa macho kwa mifupa yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Wachache huuliza ilifikaje. Ni dinosaria, mjusi mkubwa wa kale, wa Tendaguru, mkoani Lindi, aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Mamia ya wachimbaji Waafrika walifanya kazi chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Nikiwa chini ya mjusi yule huanza na jina la Boheti kabla ya jina la mnyama. Jumatatu jumba hufungwa, msije mkapanga siku hiyo.

Mwisho panda treni ya U6 kituo cha Naturkundemuseum, ushuke Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Hakuna cha kununua huko, ni makazi ya watu wa kawaida na miti mingi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipanga kuonyesha hapa wanyama na pia watu kutoka makoloni. Vita vikauzuia mpango, majina ya mitaa yakabaki na kuongezeka: Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Nimesimama chini ya kibao cha Tangastraße mara nyingi, na bado kifua hunibana.

Barabara moja ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni aliyenyonga watu Kilimanjaro na kuitwa Mkono wa Damu. Mwaka 1986 ikatangazwa kwamba Peters anayekumbukwa ni mwingine, mwanasiasa Hans Peters, na kibao kikabaki kilekile. Wanaharakati, Watanzania wakiwamo, hawakukubali. Tarehe 23 Agosti 2024 vibao viliteremshwa: sehemu moja ikawa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya shujaa wa Namibia, na nyingine Maji-Maji-Allee.

Mwaka jana nilimpeleka pale mama mmoja wa Songea. Alisoma kibao, akavuka barabara, akasoma na majina ya wapangaji kwenye kengele za mlango, moja baada ya jingine. Akaniuliza: "Kwa hiyo hawa wote barua zao zinaandikwa Maji-Maji?" Nikamwambia ndiyo, mama, zote.