Kabla ya Daraja Jipya: Wenye Chekecheo Hawatafuti Mali ya Mjerumani

Barabara ya kijijini ikipata fedha za daraja jipya, kabla ya greda kufika huja wanaakiolojia wachache, wachunguzi wa mabaki ya watu wa kale, wenye GPS, koleo na chekecheo. Wanatembea ukingoni wakiwa wameinama, wanachimba vishimo vya upana wa nusu mita hivi, wanachekecha udongo, wanaandika, wanafukia. Hapo ndipo maneno huanza.

“Wanatafuta mali ya Mjerumani.” Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu imeenea sana Tanzania, na naelewa kwa nini: mtu anayepekua udongo namna ile lazima ana anachokitafuta. Anacho kweli, ila hakiuziki. Kwenye chekecheo hubaki kigae cha chungu chenye masizi upande mmoja, au bonge la mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kikiyeyushwa, jeusi, lenye vitundu kama andazi lakini zito mkononi. Sokoni halikupi hata nauli. Likiwa mahali pake, kwenye kina kilichopimwa, pembeni yake pakiwa na mkaa, linaonyesha kwamba hapo wahunzi waliyeyusha chuma, na mkaa ule hupimwa maabara ukajulikana umri wake. Anayekuja usiku na sururu kutafuta sanduku huvuruga ushahidi wote huo, na haurudishiki. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba, na taarifa kwa aliyeokota.

“Mto ulishasomba kila kitu.” Mito husomba, lakini pia hufukia. Pale maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, wanaakiolojia walikuta upande wa Zambia magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yaliyapa umri usiopungua miaka 476,000. Mti wa umri huo ungekuwa umeoza zamani. Udongo uliojaa maji ndio uliouhifadhi. Ukingo wa mto si mahali pa kupita haraka.

“Tunajenga palepale, kitu gani kipya kitaguswa?” Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana linasemwa hata na watu wenye elimu yao. Nguzo za daraja huchukua eneo dogo. Magari yatapita wapi wakati daraja la zamani linavunjwa? Kwenye mchepuko, na mchepuko hukata ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Ongeza kambi ya mafundi, ongeza mashimo ya kuchukulia kifusi, ambayo yanaweza kuwa mbali kabisa na mto, kilimani. Uchunguzi unaoishia kwenye nguzo umeacha sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana wachunguzi wazuri huanza kwa wazee: watu walivukia wapi kabla ya daraja, matambiko yalifanyika wapi, nani kazikwa wapi. Kaburi lisilo na msalaba wala saruji halionekani kwa GPS, na makaburi hayahamishwi kienyeji. Yana sheria yake tangu 1969.

“Wakipata kitu, daraja halijengwi.” Mara nyingi hujengwa. Kilichopatikana hurekodiwa, au sehemu ile huchimbuliwa kitaalamu kwanza, au mchepuko husogezwa. Kinachosimamisha kazi ni ekskaveta kuibua mifupa ya watu wakati mkandarasi yuko kazini na mvua za masika zinakaribia. Mzee akisema mapema kwamba chini ya ule mkuyu kalala babu yake, mchepuko husogezwa ungali kwenye ramani.