Nyota ya kioo: ya mtini au ya dirishani?

Desemba iliyopita mteja aliniagiza nyota 12 za vioo vya rangi kwa ajili ya mti wake wa Krismasi. Alitaka buluu iliyokolea, kama ya madirisha ya kanisani. Nikazitengeneza nikazipeleka, roho kwatu. Kesho yake akanitumia picha: mti umependeza, ila umening'inizwa vitu vyeusi kama vipande vya mkaa.

Kosa langu. Meza yangu ya kazi ina taa chini yake, kwa hiyo kila nikiweka kioo kinawaka. Mti wa Krismasi una matawi tu.

Nilipaswa kujua. Ukiingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam alasiri, jua likianza kushuka, vioo vya nyuma ya altare vinang'aa vizuri ajabu. Toka nje uvitazame vilevile ukiwa barabarani: giza tupu.

Siku hizi kabla ya bei nauliza pambo litatundikwa wapi. La dirishani napata uhuru wote, hata buluu ya kobalti. La mtini natumia kioo cha maziwa, ambacho rangi yake imechanganyika na weupe wenye ukungu. Hicho kinashika mwanga unaokipiga kwa mbele. Ndicho Mmarekani John La Farge alichokipatia hataza mwaka 1880 kwa ajili ya madirisha. Mimi nakiona kimefaa zaidi kwa mapambo, lakini hilo ni jicho langu.

Kazi yenyewe: vipande sita vya umbo la kashata, kioo cha milimita 3. Almasi ya kukatia naichovya kwenye mafuta ya taa, kisha napitisha mara moja tu. Ukisikia mlio mwembamba usiokatika, kama kanga inayochanwa taratibu, mstari umekubali. Ukirudia juu yake utaharibu kioo na almasi pia. Kingo nazisugua, nazizungushia utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, halafu nalehemu maungio. Lehemu ya kawaida ni bati 60 kwa risasi 40, inatiririka kama samli. Lakini risasi ni sumu, na pambo la Krismasi halikosi mtoto wa kulitia mdomoni, kwa hiyo natumia isiyo na risasi. Inataka moto zaidi na inakuwa na vinundu. Navumilia.

Kitanzi cha kutundikia ndicho kinachowaponza wanaoanza. Wanakibandika kwenye ncha ya nyota, mahali ambapo utepe umeshikiliwa na gundi peke yake. Uzito ukivuta, utepe unabanduka na nyota inaishia sakafuni. Kizamishe kwenye ungio la vipande viwili, waya uingie ndani ya lehemu.

Zile 12 nilitaka kuzirudisha, mteja akakataa. Amezipanga kwenye dirisha la jikoni linalotazama mashariki, na hadi leo hajazitoa.