Wembe hauoteshi ndevu

"Usiguse wembe, zitarudi nene kama za baba yako!" Binti mwenye PCOS, ile hali ya ovari inayoendana na kuvurugika kwa homoni na mara nyingi kuota ndevu, huambiwa hivyo na shangazi, msusi, hata jirani. Basi kila asubuhi anasimama dirishani na kibanio, anang'oa kidevu unywele mmoja mmoja mpaka ngozi inatoka vipele na madoa meusi.

Wembe hukata juu ya ngozi tu. Mzizi uko chini na wala haujui kama umenyolewa. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba. Ukikatwa hubaki butu, kama muwa uliopigwa panga, ndiyo maana kesho yake kidole kinakwaruza. Mwaka 1928 Mmarekani Mildred Trotter alichunguza ndevu za wanaume 4 waliokuwa wakinyoa. Hakuona zikinenepa wala kukua haraka zaidi.

Kinachogeuza malaika laini ya kidevuni kuwa unywele mgumu ni androjeni, zile homoni ziitwazo za kiume, ambazo mwenye PCOS mara nyingi huwa nazo kwa wingi. Zingeota tu, wembe uwepo usiwepo, wembe umesingiziwa.

Kwa hiyo nyoa ukitaka: maji ya vuguvugu, wembe mkali na safi, kufuata zinakolala. Ukitaka zipungue zenyewe, muone daktari. Vidonge vya kurekebisha homoni huchukua kama miezi 6 kuonyesha tofauti, na vingine, kama spironolaktoni, havifai kwa mjamzito au anayetafuta mimba.