Niigizie alivyofanya

Mama mmoja kutoka Ahero aliniletea binti yake wa gredi ya nne pamoja na barua ya mwalimu: mtoto ana kiburi, akiitwa haitiki. Nikamuuliza kama huwa anaanguka. "La, daktari, huyu hajawahi kuanguka." Nikamwomba mama asimame aniigizie mtoto anavyofanya. Aliona haya, akacheka kidogo, kisha akasimama katikati ya chumba. Macho yakaganda kwenye kalenda ya ukutani. Midomo ikaanza kutafuna kitu ambacho hakikuwapo, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Vidole vya mkono wa kulia vikashika pindo la leso, vinalivuta na kuliachia, vinalivuta na kuliachia. Alikaa hivyo karibu dakika nzima.

"Halafu?"

"Halafu ananitazama kama hanijui, anauliza tuko wapi, anataka kulala."

Mimi ni tabibu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaona wagonjwa wa kifafa hapa Kisumu. Karibu kila mmoja wao akishafika mbele yangu huwa mzima kabisa, ameoga na amevaa vizuri. Kushikwa kwenyewe sikuoni. Hata kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, kinaweza kutoka safi na kifafa kiwepo, kwa sababu kilipimwa saa ambayo ubongo umetulia. Aliyeona ni mama, mwalimu, au jirani aliyekuja mbio. Kwa hiyo namtegemea yeye.

Shida inaanzia kwenye jina. Huku wengi husema ugonjwa wa kuanguka, basi asiyeanguka anaonekana hana ugonjwa.

Fikiria soko la Kibuye siku ya Jumapili. Kila muuzaji anaita bei yake, kelele ni nyingi, lakini kazi inaendelea. Ubongo wenye afya uko hivyo. Sasa fikiria kona moja, tuseme ya wauza viatu, wote waanze kupiga kelele ya neno moja kwa pamoja. Hapo ndipo mtu ameshikwa. Kinachoonekana nje kinategemea kona gani imelipuka. Kona inayoongoza mkono ikilipuka, kidole gumba kitaanza kurukaruka, kisha kiganja, kisha mkono mzima, na mtu anajiona huku akili yake ni timamu. Kona nyingine huleta harufu ya kitu kinachoungua, au kitu kinachopanda kutoka tumboni hadi kooni, au hofu ya ghafla isiyo na sababu. Wagonjwa wa aina hii wengine huwa wameshaombewa mapepo mara nyingi kabla hawajafika kwangu. Dalili yenyewe ni kwamba hofu hiyo huja vilevile kila mara, kama wimbo mmoja unaorudiwa, na huisha baada ya dakika moja au mbili. Kelele hiyo ikisambaa soko zima, ndipo mtu huanguka.

Kuna mtoto mwingine, tofauti na yule wa Ahero, ambaye hukatika kwa sekunde chache tu. Kalamu inasimama katikati ya neno, kope zinapepesa, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Hachanganyikiwi, halali, na inaweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Huyu nampa kipande cha karatasi akipulize kwa nguvu dakika tatu bila kupumzika. Mara nyingi karatasi huacha kutikisika mkononi mwake nikiwa namtazama, na hapo mama huniambia, "Ndiyo hiyo!" Kumtofautisha na yule wa kwanza si ushabiki wa majina. Kabamazepini, dawa inayoweza kumfaa sana wa kwanza, inaweza kumzidishia huyu wa pili.

Kwa vijana, mimi huuliza habari za kikombe cha chai. Asubuhi mabega yanaruka, chai inamwagika, mswaki unamtoka, hasa baada ya kukesha matangani au kusoma usiku kucha. Nyumbani wanamwita mzembe, hadi siku anapoanguka kabisa.

Na kwa mtoto mchanga, tafadhali msinisubiri mimi. Akiwa anajikunja ghafla, kichwa kikiinama na mikono ikitupwa nje, kisha anatulia na kujikunja tena, mfululizo, hasa akiamka usingizini, usikubali kuambiwa ni tumbo linamsokota. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kule kuanguka kunakojulikana na kila mtu nakutaja kwa ufupi: sauti ya kukoroma au ukelele mmoja, mwili unakakamaa, macho yako wazi, midomo na ufizi vinageuka rangi, kisha mirusho, povu, pengine mkojo, na ulimi uliong'atwa pembeni. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika tatu hivi, kisha usingizi mzito. Aliyezirai kanisani kwa kusimama sana ni mwingine: kabla ya kuanguka huona giza, hutoka jasho, na akilazwa chini huzinduka upesi akijua yuko wapi, hata kama mikono iliruka mara mbili tatu.

Aliyeshikwa mgeuze kwa ubavu, ondoa jiko na mawe karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, na usiogope povu, kwani ni mate tu na hayaambukizi kifafa. Tazama saa. Zikifika dakika 5 bado anaruka, au akishikwa tena kabla hajazinduka, tafuta gari. Mjamzito, au mama aliyejifungua juzi, akishikwa, hakuna kuhesabu dakika: huenda ni shinikizo la damu la ujauzito, nalo huua. Mtoto mwenye homa naye, kwa sababu ukanda huu wetu wa ziwa una malaria, apimwe malaria na sukari hata kama wazee wanasema ni degedege la kawaida.

Ukishamgeuza, mtu mwingine ashike simu arekodi. Anionyeshe uso kwanza, kisha mwili wote, na amwite mgonjwa jina nione kama anaitika. Nina sababu ya kutaka macho yaonekane. Anayejirusha kwa muda mrefu huku kope amezifumba kwa nguvu na kichwa kinakwenda huku na huku, mara nyingi shida yake si umeme wa ubongo. Haigizi, lakini anahitaji msaada wa aina nyingine, wala si vidonge vya kifafa. Na video hiyo isiishie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nyingi ninazoletewa huonyesha dari ya mabati na shangazi analia. Hata hizo nazisikiliza mpaka mwisho. Kitanda kinagonga ukuta harakaharaka, kisha mapigo yanaachana, yanaachana zaidi, kisha pumzi moja nzito. Sikio langu limeshazoea mwendo huo.